Maziwa Yakishaingia Kibuyuni, Tulia

Maswali ya mursik, maziwa yetu ya kuchacha kibuyuni, huja siku ya tatu. Mtu ametia maziwa kibuyuni Ijumaa, na ikifika Jumapili jioni moyo umeanza kumwenda mbio. Akitikisa kibuyu anasikia maji yakicheza ndani. Alipolegeza kifuniko kilitoa hewa kwa kishindo kidogo. Au hakikutoa kitu, na harufu bado ni ile ile ya maziwa na moshi. Yameharibika? Yamelala tu? Ayamwage, ayaongeze, ayachemshe upya?

Wengi wanaouliza ni vijana wa Kipsigis wa Kericho na Bomet waliokwenda mbali kusoma au kutafuta kazi, sasa wamerudi nyumbani au wamepata kwao, na kibuyu wanacho. Aliyekuwa akijua kukitumia, kogo, yaani nyanya yao, hayupo tena wa kuulizwa. Wengine si Wakipsigis kabisa. Ni watu wa Kisii, Kakamega au Siaya wanaoishi katika nyumba za kampuni kwenye mashamba ya chai, wakaonja mursik kwa jirani na wakaitamani. Wote nawaambia kwamba siku ya tatu si siku ya kuogopa. Karibu kila jambo linaloamua kama utakunywa au utamwaga lilishatokea kabla hujafunga kifuniko. Anayeanza huogopa viputo visivyo na neno, huku hana habari na ng'ombe aliyedungwa sindano juzi, kibuyu kipya kisichoiva, wala maziwa yaliyokaa kwenye mtungi tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Hofu ni nzuri, ila iwekwe mahali pake.

Kwanza tuelewane kuhusu nani anafanya kazi. Si wewe. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba maziwa hayachachi yenyewe, bali yanachachushwa na viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Bakteria hao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana pH ya takriban 6.6. Asidi ikiongezeka hadi pH ifike karibu 4.6, protini ya maziwa hushikana na maziwa huganda. Vijidudu vingi vinavyooza chakula au kuumiza tumbo havipendi hali hiyo. Kwa hiyo swali kubwa ni nani atakayewahi. Asidi ikipanda mapema, unapata mursik. Ikichelewa, wengine huingia na kula chakula ambacho hakikuwa chao. Ushauri mwingi utakaousoma hapa chini una shabaha hiyo moja, kuwasaidia bakteria wa asidi wawahi.

Tuanze na ng'ombe. Muulize anayekuuzia maziwa kama ng'ombe wake alitibiwa hivi karibuni, hasa ugonjwa wa kiwele. Dawa za kuua bakteria zinazotiwa kwenye chuchu au kudungwa msulini hutoka pamoja na maziwa kwa siku kadhaa, na idadi ya siku hizo huandikwa kwenye chupa ya dawa. Dawa iliyotengenezwa iue bakteria haitachagua, itawaua na hawa wako wa kuchachusha. Kuchemsha hakuiondoi yote. Mtu anaweza kuwa na kibuyu safi, mkaa mzuri na joto la kutosha, na maziwa yake yakakaa siku nne bila kuganda, akasingizia mkono wake. Kumbe shida ilianzia zizini. Maziwa ya namna hiyo hayakufai hata kwenye chai, kwa hiyo swali hilo liulizwe kwa upole lakini liulizwe.

Jambo la pili ni muda. Maziwa yakikamuliwa alfajiri Konoin na kupelekwa kwa pikipiki hadi Litein, yakapitia kwa mchuuzi mmoja kisha mwingine, saa sita mchana tayari yamejaa vijidudu vya kila aina. Utayachemsha, ndiyo, na vijidudu vingi vitakufa. Lakini baadhi yao huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauivunji. Chukua maziwa ya asubuhi kutoka kwa mtu unayemjua, na uyachemshe ndani ya saa mbili tangu yakamuliwe. Kama yanakatika katika sufuria yanapochemka, usilazimishe. Maziwa yaliyotiwa maji yatachacha vizuri tu, ila yataganda kilegelege na kuacha maji mengi juu, na hapo ndipo mwanafunzi huanza kujilaumu bure.

Na kama ng'ombe ni wako, angalia anachokula. Mahindi yaliyoota kuvu, yale tunayoona ni aibu kuyasaga unga, wengi huyatupia ng'ombe. Sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, ndiyo iliyowaua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ng'ombe akiila, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa. Haiondoki kwa kuchemsha na haiondoki kwa kuchacha.

Sasa kuhusu kuchemsha. Wazee wetu walitumia maziwa mabichi, na wapo hadi leo wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayatoi mursik ya kweli. Nawaheshimu, ila siwaungi mkono. Ugonjwa wa brusela, ule wa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma kwa miezi, hupitia maziwa mabichi, na uchachu hauaminiki kuuzuia. Kifua kikuu cha ng'ombe vilevile. Yachemshe maziwa yapande, yashushe, yapande tena, kisha yafunike kwa kifuniko safi na uyaache yapoe.

Hapa ndipo kuna tatizo ambalo watu wengi hawaambiwi. Ukichemsha maziwa umewaua wabaya, na umewaua wazuri pia. Waliobaki ni wachache wenye mbegu ngumu zinazostahimili moto, na hao wakiachwa peke yao huyagandisha maziwa bila kuyatia ukali. Utaona yameganda, utafurahi, utaonja, utakuta ni matamu yenye uchungu nyuma ya ulimi. Hiyo si mursik, na si ya kunywa. Katika kibuyu cha miaka mingi tatizo hili huwa dogo, kwa sababu kuta zake zimehifadhi bakteria wa mursik zilizotangulia, na maziwa yaliyochemshwa hupata mbegu humo humo. Kibuyu chako kipya hakina historia hiyo. Kwa hiyo tia chachu. Vijiko viwili vya mezani vya mursik nzuri ya jirani, kwa kila lita moja ya maziwa, vinatosha. Kama huna jirani wa hivyo, tumia maziwa lala ya dukani, yale yasiyotiwa ladha wala sukari. Koroga chachu katika kikombe cha maziwa yaliyopoa, kisha changanya na mengine. Mimi huona hatua hii moja inaokoa maziwa mengi kuliko ushauri mwingine wowote ninaoutoa, na haipunguzi uasili wa mursik hata kidogo. Nyanya aliyebakiza kidogo chini ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa mapya alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Maziwa yapoe kiasi gani? Tone moja ndani ya kifundo cha mkono lisichome wala lisibaridi. Ukimimina ya moto utaiua chachu uliyoitafuta kwa shida.

Tukija kwenye kibuyu, hapa sitaki haraka. Kibuyu kipya, sotet, ni tunda, na ndani yake kuna nyama na mbegu ambazo zikibaki zitaoza pamoja na maziwa yako. Tena vibuyu vingine vina uchungu mkali, na uchungu huo ni sumu inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima. Kijaze maji, kiache siku mbili au tatu, mwaga, kwangua ndani, rudia. Endelea hadi maji yakilala humo usiku mzima na kuonjwa kwa ncha ya ulimi yasiwe na uchungu wowote. Uchungu ukikataa kuisha, kibuyu hicho kiwe pambo. Kikishaiva, kikaushe kikiwa kimeinama, mahali penye upepo na jua, hata kama mvua za alasiri za Kericho zitakulazimisha kukiingiza ndani na kukitoa kila siku kwa wiki nzima. Kibuyu kikifungwa na unyevu ndani, kuvu itaota shingoni ambako jicho halifiki.

Halafu kuna mkaa. Miti inayotumika ni kadhaa, lakini huku kwetu unaotajwa kwanza ni senetwet, kichaka chenye maua ya manjano kinachoota pembeni mwa mashamba na njia. Tumia ukuni wake uliokauka tu. Majani na mizizi yake huharisha vikali, si vitu vya kuchemshia chai. Wapokot wana mti wao, cromwo, na majivu yake huyapa maziwa yao rangi ya kijivu. Kila jamii ya wafugaji ina mti iliouamini.

Chukua kijiti chenye unene wa kidole gumba na urefu unaozidi kibuyu kwa shubiri moja. Choma ncha yake hadi iwe kaa jekundu lisilo na mwali. Subiri mwali ufe, maana ukiingiza kijinga kinachotoa moshi mzito utapaka kibuyu lami badala ya mkaa. Ingiza ncha hiyo ndani na uikwaruze ukutani huku ukikizungusha kibuyu taratibu kwa mkono wa pili. Utasikia kaa likimeguka na vipande vikidondoka chini. Toa kijiti, ingiza sosiot, ile brashi ya ubua wa mkindu, na usage vipande hivyo dhidi ya ukuta, kutoka kitako kupanda mabegani, kisha shingoni. Sauti hubadilika unapoendelea. Mwanzo ni mkwaruzo wa changarawe, baadaye inakuwa laini na karibu haisikiki. Hapo unga umeshika. Choma tena, ingiza tena, hadi ndani pote pawe peusi. Kigeuze kibuyu, kigonge mgongoni kwa kiganja, unga uliozidi udondoke. Pitisha kidole ndani ya mdomo wake. Kikitoka na unga mwepesi unaopulizika, umefaulu. Kikitoka na utando unaonata, kioshe kwa maji ya moto na uanze upya siku nyingine.

Joto la kaa hupunguza vijidudu vilivyojificha kwenye vinyweleo vya kibuyu, na mkaa ndio unaoleta rangi ya samawati ya kijivu na ile ladha ambayo mtu wa huku aliyeko ugenini huikumbuka. Lakini usiutwishe mkaa mzigo usio wake. Hautayatakasa maziwa machafu. Nimesikia watu wakisema maziwa yaliyoanza kunuka yatatengenezwa na senetwet, na sikubaliani nao kabisa.

Kuosha ni kwa maji ya moto na sosiot, bila sabuni. Kibuyu hunywa harufu ya sabuni na kuitoa ndani ya maziwa wiki mbili baadaye.

Baridi nayo huogopwa, na hofu hii ina msingi. Sehemu kubwa ya nchi yetu ya chai iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari au zaidi, na usiku wa Julai nyumba ya mabati ni baridi hasa. Bakteria wa mursik hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 20 na 30. Ukiwapa 12 hawafi, wanazubaa, na kuzubaa kwao ni nafasi ya wengine. Ndiyo maana maelekezo ya rafiki yako wa Kisumu hayakufai. Kwake mtindi huganda usiku mmoja, kwako Kericho chachu ile ile inaweza kuchukua siku mbili au tatu, na bila chachu siku tano au zaidi. Funga kibuyu kwa blanketi, kiweke kwenye katoni au kikapu pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, na ubadilishe maji hayo asubuhi na jioni. Jikoni penye moto wa kuni ni pazuri, mbali kidogo na mafiga. Tafadhali usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ili kibuyu kipate joto usiku. Hewa ya makaa haina harufu na imewaua watu wakiwa usingizini.

Waliofanya kazi kiwandani huja na swali lao. Wanajua kwamba majani ya chai yakishasagwa hupulizwa hewa na dakika zake huhesabiwa, wakadhani maziwa nayo yanahitaji kupumua. Ni kinyume. Majani yanabadilika rangi kwa vimeng'enya vyake yenyewe vikikutana na oksijeni, hakuna bakteria anayehitajika hapo. Bakteria wa mursik hawahitaji hewa, na kuvu inaihitaji sana. Kwa hiyo jaza kibuyu karibu na shingo, bakiza nafasi ya vidole viwili, funika, na uache kufunguafungua. Kila unapofungua kuchungulia unaingiza kile unachokiogopa.

Lakini utajuaje kinachoendelea kwenye chombo cheusi chenye shingo nyembamba? Kwa mara chache za kwanza fanya hivi: maziwa yale yale, chachu ile ile, tia kidogo kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji yanayochemka, uifunike bila kuikaza, na uiweke pamoja na kibuyu. Chupa ndiyo itakayokuonyesha. Utaona maziwa yakiwa mazito, kisha yakijitenga kidogo ubavuni, kisha maji ya kijani kibichi cha kufifia yakitokeza juu au chini. Ukiinamisha chupa, ganda huondoka ukutani zima zima. Maji hayo ndiyo uliyoyasikia yakicheza kibuyuni, na ni ya kawaida. Wengine huyamwaga na kuongeza maziwa, wengine hutikisa yakachanganyika. Mimi hutikisa, kwa sababu huwa naona mursik iliyomwagwa maji inakuwa nzito mno kushuka na kimnyet, ugali wetu wa wimbi.

Viputo navyo? Pamoja na bakteria wa asidi huwa wamo wengine wanaotoa gesi, na hamira za porini zinazoishi kwenye kuta za kibuyu. Viputo vichache siku ya pili au ya tatu, pamoja na harufu kali safi, ni dalili ya kazi. Waliokulia karibu na mtungi wa maiyek, pombe ya wimbi, wanaijua sauti hiyo ya kuchemka bila moto. Hamira zile zinazofanya pombe iumuke ni jamaa za hizi, ila kibuyuni ni wasaidizi tu. Kukosa viputo pia si kasoro. Mursik nyingi nzuri hutulia kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachonitia wasiwasi ni povu jingi ndani ya saa kumi na mbili za kwanza, ganda likiwa na matundu matundu na harufu inayokumbusha zizi. Hao ni bakteria wa kinyesi, wameingia kupitia mikono, maji au kifuniko. Mwaga, na usimpe mbwa wala ndama.

Ngozi nyeupe laini juu ya maziwa ya kwenye chupa, isiyo na manyoya, huwa ni hamira iliyopata hewa. Haina madhara makubwa lakini inaharibu ladha, na inakuambia kwamba ulibakiza nafasi kubwa. Manyoya, au rangi ya waridi, ya chungwa, ya kijani iliyokolea, au madoa meusi yanayoota juu, hayo ni ya kumwaga yote. Usikwangue juu ukanywa ya chini, kwa sababu mizizi ya kuvu hushuka kwenye kitu laini kabla hujaiona. Maziwa yanayovutika kama ute vilevile sikushauri uyanywe ukiwa bado unajifunza, na uchungu ni sababu tosha ya kuacha.

Kwa anayetaka uhakika zaidi ya pua, karatasi za kupima asidi zinauzwa na maduka ya vifaa vya maabara. Chovya, linganisha rangi. Ikisoma 4.5 au chini, maziwa yamefika. Ikiwa siku ya nne bado iko juu ya 5, tena ulitia chachu na ukayapa joto, usiendelee kusubiri. Mwaga, na urudi kumuuliza mwenye ng'ombe kuhusu sindano. Hakuna haja ya kuona aibu kutumia karatasi kwa kazi ambayo kogo aliifanya kwa pua. Pua yake ilijifunza kwa miaka mingi, yako inaanza.

Kuna watu ambao sitawapa mursik ya mwanafunzi hata ikiwa inanukia vizuri. Mtoto chini ya mwaka mmoja, mama mjamzito, na yeyote ambaye kinga yake imepungua kwa ugonjwa au dawa. Wasubiri hadi mkono wako uzoee. Na wasiokunywa kileo kwa sababu ya dini, au kwa sababu wameamua kuacha pombe, waambiwe ukweli: hamira zikikaa muda mrefu katika maziwa hutoa kiasi fulani cha pombe. Si kitu cha kulewesha, lakini kipo, na mtu ana haki ya kujua.

Hilo linanileta kwenye swali ambalo wanaoanza hawaulizi, na ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote. Kwa miaka mingi Hospitali ya Tenwek, Bomet, imekuwa ikipokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwaka 2010 ilichapishwa ripoti kuhusu wagonjwa wake 109 waliokuwa na miaka 30 au chini, umri ambao kwingine duniani ugonjwa huu ni nadra sana. Mwaka 2013 watafiti waliopima mursik kutoka magharibi mwa Kenya walikuta katika baadhi ya vibuyu pombe pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayotokana na pombe na inayojulikana kuharibu chembe za urithi, kwa viwango vya kutia wasiwasi. Hilo halijathibitisha kwamba mursik ndiyo inayoleta ugonjwa huu. Tumbaku na pombe zimo katika hesabu hiyo, na vinywaji vya moto sana vimo pia. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na utafiti uliofanywa Eldoret na kuchapishwa 2019 ulikuta hatari kubwa zaidi kwa wanaokunywa vya moto mno. Katika kaunti za chai tunapenda chai itoke motoni iende midomoni.

Sitaki mtu aache mursik kwa kusoma aya hiyo, na sitaki aipuuze kwa sababu mababu walikunywa. Ninachofanya mimi ni kuchukua tahadhari ambayo haigharimu kitu. Hamira huhitaji muda ili zitoe pombe, kwa hiyo sihifadhi mursik kwa miezi, ingawa najua kuna heshima kubwa kwa kibuyu kilichokaa. Naitengeneza kidogo, lita mbili au tatu, tuinywe ndani ya wiki moja. Ikishaganda, naihamishia mahali pa baridi, na hapo usiku wa Kericho unakuwa rafiki. Sibakizi chachu kutoka kwenye kibuyu kinachonuka pombe, hata kama ladha yake inasifiwa na wageni, bali naazima mbegu mpya kwa jirani. Kila baada ya mara mbili au tatu kibuyu kinaoshwa, kinakaushwa na kupakwa mkaa upya badala ya kuongezewa maziwa juu ya maziwa bila kikomo. Mkaa unaozidi naugonga utoke. Na chai, ambayo haihusiani na kibuyu lakini hupita koo lile lile, naiacha kikombeni dakika tano kabla ya kuinywa.

Mtu wa nyumbani kwako akianza kulalamika kwamba ugali unakwama, au ukaona kimya kimya amehamia kwenye uji na mchuzi kwa sababu vigumu havipiti, usimpe mursik ya kulainisha koo wala usisubiri msimu wa bonasi ya majani ya chai uishe. Mpeleke apimwe umio kwa kamera wiki hiyo hiyo, hata kama ana miaka 25.